Siku Shemeji Alipoketi

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kusalimia vidole vya miguu. Wagonjwa walinicheka kwa hilo. Nilianzia kitanda cha karibu na mlango, nikafunua blanketi upande wa miguu, nikasema, "Haya, nisalimie," kisha nikangoja. Kidole gumba kikipanda na kushuka, niliweka msalaba mdogo kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Kisipotikisika niliweka sifuri, na hapo mzaha ulikuwa unakwisha.

Hospitali yetu pale Butembo ilikuwa ndogo, na wodi ya wanaume waliovunjika ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Mimi sikuwa daktari wala muuguzi mwenye diploma. Masista walinifundisha kufunga plasta na kunyoosha viungo, na kwa kuwa walinifundisha Kifaransa pia, tena bila huruma, nilikuwa mkalimani kila wageni walipokuja. Nilikuwa msichana mwenye ulimi mkali. Mama alisema alipokuwa na mimba yangu alikula pilipili nyingi mno, na sasa anavuna.

Mama amekwisha kufariki, na shemeji yangu pia. Dada yangu yu hai, na hajui haya ninayoyaandika. Nimejaribu mara nyingi kumweleza tukiwa tunachambua maharagwe, mara zote nikaishia kumuuliza kama chumvi ipo. Ninaandika kwa sababu mdomo umenishinda.

Ilikuwa miaka ile Beni na Butembo zilipokuwa mikononi mwa waasi, na waasi wenyewe walikuwa wakigawanyika kila baada ya msimu wa mvua. Mara moja kwa mwaka, njia ikiruhusu, walikuja madaktari wa mifupa kutoka Ulaya. Walipitia Uganda, wakavuka mpaka wa Kasindi na masanduku yao ya vyuma, wakafika Beni, kisha wakapanda kwetu Butembo. Walipasua watu bure kwa wiki mbili, halafu wakaondoka. Baraza la hospitali lilijaa tangu siku tatu kabla hawajafika: watu wenye miguu iliyoungwa upande, watoto wenye vibyongo, wanawake waliopigwa risasi za nyonga wakienda shambani. Wengine walitembea siku nne kuja kusikia jina lao halimo kwenye orodha.

Sikuwapenda wageni wote, nisiseme uongo. Wengine walituangalia kwa macho ya huruma ambayo hayakuuliza chochote. Lakini mkuu wao nilimheshimu. Alikuwa mzee mkavu, asiyejua utani, aliyekula viazi vya kuchemsha mlo hadi mlo na kuvisifu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuviona. Alipoingia wodini hakuanza na uso wa mgonjwa. Alienda moja kwa moja miguuni, akashika nyayo zote mbili kwa viganja vyake, akakaa hivyo kidogo. Ndipo akasema bonjour.

Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe. Alinunua huku juu Lubero, akauza Beni. Alikuwa mtu wa vicheko, mfupi, mwenye kifua kipana. Alikuwa pia Mprotestanti, na sisi kwetu ni Wakatoliki wa tangu babu. Mama alikuwa amekwisha kumchagulia dada yangu mchumba wa parokia. Dada akamfuata huyu wa maharagwe. Walioana kwa mchungaji wao huko Beni, na mama hakwenda. Miaka tisa ikapita, wakazaliwa watoto watatu, na mama hakukanyaga nyumba ile. Hakumtukana mkwe wake wala hakumlaani. Hakumsalimia tu. Kwetu hilo ni zito kuliko tusi.

Siku ya ajali shemeji alikuwa juu ya lori, amekaa kwenye magunia kama wasafiri wote. Karibu na Beni dereva alichelewa kusimama kwenye kizuizi, na askari wakapiga risasi gurudumu. Lori likaingia mtaroni. Watu wawili walikufa chini ya magunia. Shemeji alirushwa, akaangukia mgongo.

Majirani zake walikuwa na akili. Waling'oa mlango wa nyumba yake, wakamlaza juu yake, wakamfunga kwa vitenge tangu kwenye paji la uso hadi vifundoni, wakaupakia mlango ule kwenye pikapu na kumleta Butembo polepole, wakimpigia kelele dereva kila shimo. Nikafunua vitenge upande wa miguu.

"Nisalimie, shemeji," nikasema.

Vidole vikasalimia. Vyote kumi.

"Uko unalia?" akaniuliza. "Mimi nilizania weye hauna machozi, uko na plasta tu ndani."

Nililia kweli, tena mbele ya watu.

Bahati ilikuwa kwamba wageni walikuwapo. Mzee alizitazama picha za eksirei akiziinua mbele ya dirisha. Mfupa wa mgongo ulikuwa umepasuka na kuteleza, akasema, lakini mshipa mkuu unaopita ndani ya uti bado ulikuwa mzima. Angeuunga mfupa kwa vyuma na skrubu. Shida ni kwamba sanduku moja lilikuwa limezuiliwa Kasindi, na humo ndimo vilimokuwa vyuma virefu. Vile alivyobaki navyo vilikuwa vifupi kuliko alivyotaka. Alifikiri siku nzima. Kesho yake akamfungua, akafunga vyuma vyake vifupi, na jioni vidole vikanisalimia tena.

Nilisimama kando ya kitanda nikatafsiri masharti. Wiki sita bila kuketi. Kumgeuza ni kazi ya watu watatu kwa pamoja, kama wanavyogeuza gogo, mabega na nyonga vikienda sawa. Skrubu zimeshika mfupa mchache, akasema mzee, na uzito wa kifua ukizielemea kabla mfupa haujaunga, zitang'oka.

"Docteur anasema, kukaa hapana," nikamwambia shemeji. "Hata kidogo. Hata juu ya chakula, hata juu ya maombi."

"Na juu ya kukucheka?"

"Utanicheka ukilala."

Siku nne zikaenda vizuri. Dada alikuwa amewaacha watoto kwa jirani Beni, akawa analala chini ya kitanda cha mumewe kama ndugu wengine waliokuja kuwalinda wagonjwa wao. Kila asubuhi vidole kumi vilinisalimia, nikaweka msalaba. Mzee alikuwa akipita saa kumi za alasiri, akishika zile nyayo, na safari moja nilimwona akitabasamu. Hakuwa mtu wa kutabasamu, kwa hiyo nilikwenda kumwambia shemeji kwamba amemchekesha muzungu bila kufungua kinywa.

Siku ya tano, saa sita mchana, saa ya wageni wa wagonjwa, nikamwona mama.

Alikuwa amesimama barazani, ameupa mlango wa wodi mgongo. Kikapu kilikuwa bado mgongoni mwake, mkanda wake umeng'ang'ania kwenye paji la uso, na miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini. Malori hayakuwa yakitembea wiki ile kwa ajili ya mapigano. Alitoka nyumbani Lubero kwa miguu, akalala usiku mmoja kwa watu wa parokia njiani, akafika na viazi na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

Lazima nieleze desturi yetu, maana asiyeijua atatuona wajinga. Kwetu mkwe hamsalimii mama mkwe akiwa amelala, na mama mkwe haingii mahali mkwe wake alipolala. Homa si udhuru. Mgonjwa huinuliwa, huegemezwa ukutani, hutupiwa koti mabegani, kisha ndipo mama huingia, macho yake chini na ya mkwe chini, na salamu hutolewa yote bila kuruka kitu. Anayesalimiwa akiwa amelala ni maiti peke yake. Pale hospitalini tulikuwa na ujanja wetu: kina mama wakwe walisimama nje ya dirisha, wakageuka, wakasalimia wakitazama mlima. Watu walikubali, kwa kuwa vita vilikuwa vimetuzoeza kukubali.

Nikampokea mama kikapu, nikamwonyesha dirisha.

"Ile ni ya batu benye walizoeana," akasema. "Mimi na yeye hatujasalimiana hata siku moja. Salamu ya kwanza niitoe kwa ukuta?"

"Mama, hawezi kukaa. Docteur alikataza."

"Sikuomba akae. Docteur yuko na haki yake. Nitaacha viazi, nitarudi pole pole."

Hakusema kwa hasira. Lau angesema kwa hasira ningemjibu, mimi nilimzoea kwa hasira. Alisema kwa uchovu, akitazama ile njia aliyotoka kuipanda.

Ndani, shemeji alikuwa amesikia. Dada alikuwa ametelemka mtoni kufua. Shemeji akaniita.

"Ile ni sauti ya mama?"

"Ndiyo."

"Alikuja na miguu?"

"Na miguu."

Kisha akasema, "Unikalishe."

"Hapana. Ulisikia docteur."

"Docteur hana mama mukwe hapa. Shemeji, miaka tisa. Leo anakuja yeye mwenyewe, na ile barabara yote. Akirudi bila tusalimiane, hatakuja tena, na bibi yangu, dada yako, atalia mupaka siku ya kufa. Unikalishe. Dakika mbili tu."

Nimejiuliza maisha yangu yote nilikuwa nafikiri nini, na jibu ni kwamba nilikuwa nafikiri. Sikupitiwa. Niliyajua masharti kuliko mtu yeyote wodini, nilikuwa nimeyatamka kwa mdomo wangu. Lakini nilijiambia chuma ni chuma. Nilijiambia wazungu huzidisha kila katazo mara mbili, wakisema wiki sita wanamaanisha tatu. Zaidi ya yote nilitaka kuiona salamu ile. Nilikuwa nimeingojea miaka tisa mimi pia, nikiwa katikati ya mama na dada, nikipeleka habari huku na huku na kuzipunguza makali. Heshima si utumwa, wanasema wahenga, na siku ile niliona aibu kwamba sheria ya kigeni inamnyima mama yangu heshima yake.

Nikamwita mkulima mmoja wa Mutwanga aliyekuwa akimlinda kaka yake kitanda cha pili. Akashika mabega, nikashika kiuno. Tulimwinua taratibu sana. Tukaweka mito mgongoni, nikamvika koti lake la safari juu ya nguo ya hospitali, nikamfunika miguu, lakini blanketi likabaki fupi na nyayo zikaonekana. Alikuwa ametoka jasho, na alikuwa anatabasamu.

Mama akaingia akiwa ameinamisha kichwa. Akasimama mbali, hatua tatu kutoka kitandani, akamsalimia kwa Kinande, lugha yetu. Salamu zetu hazina haraka. Unauliza ulivyoamka, unauliza nyumba, unauliza watoto, mashamba, mvua, njia. Shemeji alijibu moja moja, naye akauliza yake. Mama akamwita "mwanangu".

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye miguu, kwa mazoea ya kazi. Wakati mama anauliza habari za mtoto wa mwisho, kidole gumba cha kulia kilishtuka mara moja. Kisha miguu yote miwili ikafunguka nje, ikalala upande. Nikamwangalia shemeji usoni. Tabasamu lilikuwa limekwenda na macho yamekuwa makubwa. Alijua. Nikafungua kinywa, akanitazama hivi, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kujibu kwamba mtoto hajambo, ameota meno.

Alimaliza salamu. Alimaliza yote, hadi ile ya kumshukuru mgeni kwa safari. Mama akatoka nje akiwa amenyooka, akaenda jikoni kwa walinzi wa wagonjwa kumenya viazi, na nikamsikia akiwaambia wanawake wa huko kwamba mkwe wake amelelewa vizuri.

"Munilalishe," akasema shemeji. "Miguu hapana sikia."

Tukamlaza. Nilifinya vidole, nikafinya vigimbi vya miguu, nikachoma kwa pini ya kitenge changu. Nikasema naenda kumwita daktari. Akanikamata mkono.

"Ngoja. Pengine itarudi."

"Shemeji, niache niende."

"Ukienda utasema nini? Utasema ni mama? Batu batasema mama mukwe alivunja mukwe yake mugongo. Atakufa na ile. Ngoja kwanza."

Nikangoja. Mkulima wa Mutwanga alirudi kwa kaka yake akakaa akitazama mikono yake. Wale wanaume wengine kumi wote walikuwa wameona, na wote waligeukia ukuta. Vita vilikuwa vimetufundisha kwamba ukiulizwa ulichokiona, hukuona. Dada akarudi na nguo zilizofuliwa, akamkuta mama jikoni, na nikawasikia wakilia na kucheka pamoja kule nje. Sikuwa na moyo wa kutoka.

Saa kumi mzee akapita. Alishika nyayo, akabadilika uso. Akatoa sindano, akachoma tangu chini hadi juu, akamwangalia shemeji, kisha akaniangalia mimi.

"Tangu lini?" akauliza kwa Kifaransa.

Nikatafsiri. Shemeji akanitazama machoni akasema, "Tangu jana. Jana ya mangaribi."

Nikatafsiri.

"Kuna mtu aliyemwinua? Aliketi?"

Nikatafsiri. "Hapana," akasema shemeji. "Nililala tu."

Nikatafsiri hilo pia. Mpaka hapo ningeweza kujitetea kwamba mkalimani ni bomba, hupitisha maji yaliyomo. Lakini mzee akaichukua karatasi iliyoning'inia. Misalaba ya siku nne ilikuwapo. Nafasi ya siku ile ilikuwa tupu, kwa sababu nilikuwa na tabia mbaya ya kupima vitanda vyote kwanza na kuandika mchana. Asubuhi ile vidole vilikuwa vimenisalimia, vyote kumi.

"Leo asubuhi hukumpima?"

"Hapana, daktari," nikasema. "Wagonjwa walikuwa wengi."

Uongo huo ulikuwa wangu. Hakuna aliyenipa niutafsiri.

Mzee akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakunigombeza. Akasema, kama mtu anayezungumza peke yake, "Vyuma vyangu vilikuwa vifupi." Nikamtafsiria shemeji, naye akafumba macho. Mzee hakumpasua tena. Baada ya siku tatu wageni wakaondoka, na shemeji akarudishwa Beni akiwa amelala juu ya mlango uleule.

Mama hakujua kamwe. Alijua vyuma vilishindwa tangu jana yake, basi, na dada naye aliambiwa hivyo. Mapigano yalipofika Lubero alihamia Beni kwa dada, kwenye nyumba ile aliyoikataa, na akawa ndiye anayemgeuza mkwe wake kila baada ya masaa machache ili asipate vidonda. Desturi iliyomkataza kumwona amelala ilikufa yenyewe, siku ya kwanza tu dada alipokuwa sokoni. Kila alipopata msikilizaji, kanisani au kisimani, alisimulia jinsi mkwe wake alivyokaa kitako na vyuma mgongoni ili amsalimie. Ilikuwa fahari ya uzee wake. Nilipokuwapo nilitafuta kazi nje. Na kule Butembo, kila asubuhi nilipofunua blanketi la mtu yeyote na kusema "nisalimie", niliiona ile miguu ikifunguka nje. Nimeiona leo pia, ingawa sifanyi kazi hiyo tena.

Wageni walirudi baada ya miaka miwili. Mzee aliniandikia nimpokee Beni, kwa sababu alitaka kupita nyumbani kwa shemeji kabla ya kupanda Butembo. Shemeji alikuwa amejifunza kutengeneza redio. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu chini ya mchirizi wa nyumba, waya za rangi zote mapajani. Mzee akapiga magoti kwenye udongo, suruali yake safi, akashika zile nyayo kama zamani. Akasema amekuja kuomba msamaha. Akasema hakupaswa kupasua akiwa na vyuma vifupi, na kwamba hajapata usingizi mzuri.

Nikayatafsiri maneno hayo nikiwa nimesimama katikati yao. Mama alikuwa mlangoni akifuta machozi kwa kitenge.

"Umuambie nimemusamehe," akasema shemeji bila kunitazama. "Umuambie asilale na ile mawazo."

Nikamwambia. Yaani nilipokea msamaha kwa mkono mmoja na kuukabidhi kwa mwingine, na haukuwa wa yeyote kati yao wawili kuutoa wala kuupokea. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa mzito kuliko gogo.

Huenda ningenyamaza hata baada ya hapo. Kilichonivunja ni msichana wa Mabalako. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, ameanguka kutoka kwenye mti wa parachichi, na baba yake alimbeba mgongoni hadi Butembo. Mfupa ulikuwa umevunjika karibu palepale pa shemeji. Vidole vilitikisika. Mzee alizitazama picha muda mrefu, kisha akaniambia nimweleze baba kwamba hapasui tena migongo huku kwetu. Miguu ndiyo, nyonga ndiyo. Migongo alikuwa ameacha tangu yule mtu wa maharagwe.

Baba alikuwa akinitazama mdomo, akingoja Kiswahili kitoke. Nikamwambia angoje kidogo. Nikamfuata mzee kwenye chumba cha plasta, nikafunga mlango.

Nilimweleza yote kwa Kifaransa changu cha masista: mama, kikapu, koti, mito, mkulima, salamu. Nikamwambia vyuma vyake vilikuwa vimeshika. Nikamwambia ni mimi niliyeinua kiuno, na asubuhi ile vidole vyote kumi vilitikisika.

Nilitegemea hasira, na nilikuwa nimejiandaa. Kwanza uso wake ulifunguka, kama mtu aliyeshushiwa mzigo, na nikamwonea uchungu kwa muda wote alioubeba. Kisha akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Nami nilikuja saa kumi."

"Ndiyo, daktari."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, mtu aliyesoma vile akahesabu kwa vidole. "Masaa manne," akasema. "Mliniambia tangu jana. Baada ya usiku mzima hakuna cha kuokoa, ndiyo maana sikumfungua. Masaa manne ningemfungua palepale. Ningeuachilia ule mshipa kabla haujafa."

"Angetembea?"

"Siwezi kuapa," akasema. "Nadhani ndiyo."

Akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu, akatoka kwenda kumtafuta yule baba mwenyewe. Hakuninyima salamu siku zilizofuata, wala hakunipa zaidi ya salamu. Kesho yake alimpasua msichana wa Mabalako, kwa vyuma virefu. Asubuhi vidole vyake vilinisalimia, na nikaweka msalaba papo hapo, kabla ya kwenda kitanda kingine.

Jumamosi nilipanda lori kwenda Beni. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilijua kwamba nitamwambia shemeji kuwa nimesema, hilo lilikuwa haki yake. Nilichokuwa sikijui ni kama nitamwambia na lile jibu.

Nilimkuta chini ya mchirizi na redio moja wazi mapajani. Mama alikuwa ndani akitwanga sombe, yale majani ya mihogo, kinu kikilia. Nikakaa kwenye kigoda karibu na shemeji, nikasema kwa sauti ya chini kwamba mzee anajua.

Aliacha bisibisi. "Yote?"

"Yote. Lakini jina ya mama hatalisema kwa mutu."

"Alikasirika?"

"Hapana. Alipasua tena migongo. Kuko mutoto moja wa Mabalako, atatembea."

"Aksanti kwa Mungu," akasema, na alimaanisha. Kisha akazungusha kitufe cha redio ambayo haikuwa na betri. Kinu kikasimama, kikaanza tena.

"Shemeji," akasema, "kuko kitu kimoja iko nanikula. Miaka hii miwili. Usiku bibi yangu akilala, ninaangalia paa, ninajiuliza. Ile siku nilikukamata mukono. Weye ulitaka kwenda, mimi nikasema ngoja. Basi kama ningekuacha uende. Kama tungesema kweli ile ile saa." Akashusha macho kwenye miguu yake. "Ulimuuliza docteur?"

"Nilimuuliza."

"Alisema nini?"

Nilikuwa nimetafsiri kwa wageni miaka sita, na sikupata kukosa neno. Niliyakumbuka maneno ya mzee yote, na jinsi alivyohesabu kwa vidole.

"Alisema ingekuwa vile vile," nikamjibu. "Alisema ilikatika ile dakika, hakuna docteur angeweza."

"Alisema vile? Kwa kinywa yake?"

"Kwa kinywa yake."

Shemeji akavuta pumzi ndefu, na mabega yake, yale niliyoyaona yamekaza tangu siku ile, yakashuka. Akacheka kidogo. Akamwita mama alete chai, akasema shemeji amefika na njaa, akaanza kunitania kwamba nimekonda na hakuna mwanamume wa Butembo atakayenichukua hivi. Alifurahi. Alikunywa vikombe viwili. Sijapata kumwona mtu amefurahi vile, na tangu siku hiyo hadi alipofariki sikumwangalia tena machoni.